Nesi wa Chuma na Muhuri wa Tatu

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za ofisi, na ninyi vijana mnaobaki mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazini kabla sijayasahau. Nimekubali, ila msitegemee habari za vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili langu, na faili liko kabati la pili, chini ya kile chungu cha maua ya plastiki ambacho hakuna anayejua kililetwa na nani. Mshahara nao mnaujua, maana mnaupokea huo huo. Nitaandika habari za kiti kimoja, mihuri miwili, na picha iliyonisumbua kuliko zote nilizowahi kukagua.

Nilipoanza ukaguzi wa picha hapa Mwanza, kazi ilikuwa nyepesi kiasi cha kutia aibu. Picha zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya makopo ya bati, zikiwa zimeshakaguliwa huko huko. Mimi nilitakiwa kwenda kwenye jumba la sinema, kuangalia kama cheti kimebandikwa mlangoni, kisha kurudi ofisini kuandika kwamba kimebandikwa. Siku za mvua niliandika kabla ya kwenda, na sikuwahi kukosea.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa Mzee Bujiku, mkaguzi aliyenitangulia kazini, mtu wa Usagara, mpole, mwenye mifuko ya koti iliyojaa karanga za kukaanga. Alinikabidhi tochi, daftari la jalada gumu, kidau cha wino na mihuri miwili ya mti. Mmoja ulisema WOTE na mwingine WATU WAZIMA. Niliigeuza geuza, nikamwuliza wa tatu uko wapi.

"Wa tatu wa nini?"

"Wa vijana, mzee. Wale wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, mpaka kumi na saba."

Akatafuna karanga zake akiwaza. "Hao wakiinama kidogo wanaingia kwenye WOTE," akasema, "na wakisimama kwa ncha za vidole wanaingia kwenye WATU WAZIMA. Serikali imeona wanajitosheleza."

Nilicheka, naye akacheka, na swali langu likalala kwa miaka.

Kisha akanifundisha kiti. Mara chache picha ilipofika bila cheti na kamati ya ukaguzi ikakaa kuitazama, wote walielekea kwenye kioo, isipokuwa Mzee Bujiku. Yeye aligeuza kiti, akaipa picha mgongo na kuwatazama watazamaji. "Picha haina shida yoyote," alikuwa akisema. "Picha inakaa kwenye kopo lake. Shida iko kwa anayeitazama, kwa hiyo mtazame huyo." Niliona ni busara ya hali ya juu, mpaka mwaka wa pili aliponiambia kwamba alianza kugeuza kiti kwa sababu shingo ilimuuma. Lakini nilikuwa nimeshazoea kugeuza changu, na niliona mengi kwa namna hiyo. Mtu akidanganywa na picha, utamjua kwenye mdomo. Akiguswa kweli, utamwona anatafuta kitu cha kushika.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Sabuni iliyokuwa ikiuzwa chini ya kaunta ikapanda juu ya kaunta, mitumba ikajaa, redio zikaongezeka vituo, na deki za video zikaanza kuingia, nyingine kutoka Dubai, nyingine zikivuka mpaka wa Sirari zimefungwa ndani ya magodoro. Kila mwenye sebule kubwa akawa na ukumbi wa picha. Mtaa wa Igoma peke yake ulinimaliza soli za viatu. Nilikuwa nikikagua banda hili, nikitoka nakuta jirani yake ameshapigilia mabenchi na kuandika kwa chaki ukutani: LEO SAA NANE, NGUMI MWANZO MWISHO. Na kanda zilikuja bila cheti chochote, ndani ya mfuko pamoja na nyanya. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile nilikuwa sijaanza kazi.

Banda lililonipa mafunzo makubwa lilikuwa la Deus, mtu wa pwani ya ziwa upande wa Musoma, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Deus hakuonyesha picha tu, aliisimulia. Alisimama pembeni ya televisheni na maiki mkononi, wazungu wakizungumza chini na yeye akizungumza juu, kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Stelingi, yaani shujaa wa picha, alimbatiza Masanja. Adui alimpa jina la mtu yeyote aliyemuudhi asubuhi ile, kwa hiyo watu wa Igoma walijitahidi kuishi naye vizuri.

Sasa niwaeleze kosa letu, kwa sababu ni kosa la kiofisi kabisa, lenye vikao na sahihi. Kamati ilikuwa na watu watano: Mzee Bujiku mwenyekiti, mimi katibu, katekista mmoja, mama mmoja mwakilishi wa wazazi, na askari aliyelala tangu taa zinazimwa mpaka zinawashwa. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha barua za ofisi. Tungeweza kukiri kupokea kumbukumbu namba fulani, lakini si kufuata mabaharia wanaogombana. Kwa hiyo tukawa tunamwita Deus aje na maiki yake atutafsirie. Akimaliza, tunapiga muhuri. Hatukuona tatizo. Tulidhani tunakagua kanda, kumbe tulikuwa tunakagua mdomo wa Deus.

Picha yenyewe ilikuja kipindi cha mgao wa umeme, na tuliitazama kwa jenereta ya kuazima. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, Deus akaiita Nesi wa Chuma. Ilikuwa picha ya mambo ya anga: meli kubwa kama mtaa mzima inapita kati ya nyota, imebeba watu ambao dunia yao imekauka. Safari ni ya miaka mingi. Wagonjwa na watoto wanahudumiwa na nesi ambaye ni mashine, mpole, mwenye vidole vya chuma vinavyopima homa. Kila asubuhi watu wakikusanyika kula, nesi anawaambia wamekaribia, bado kidogo. Watu wanafurahi, wanapanda mboga zao, wanaoana. Kumbe injini iliharibika zamani na meli haitafika popote, si kwa umri wa yeyote aliyemo. Nesi anajua. Anadanganya ili wasikate tamaa, maana amepewa amri moja tu tangu alipoundwa, kwamba watu wake wasiumie.

Siku moja msichana wa humo anafungua chumba asichoruhusiwa, anaona ramani, anajua. Nesi hamfungii wala hamdhuru. Anakaa naye chini na kumwonyesha kila kitu, kisha anamwuliza: utawaambia? Asubuhi inayofuata msichana anasimama mbele ya watu wote wanaokula uji.

Hapo Deus alipandisha sauti. Kwa mujibu wake, msichana alisema kweli yote, watu wakamkamata nesi na kumfungua skrubu moja moja, fundi hodari aitwaye Masanja akatengeneza injini, na meli ikafika salama kwenye nchi yenye ziwa. Katekista alipiga makofi. Uongo umeadhibiwa, kweli imeshinda, hakuna busu hata moja. Nikapiga muhuri wa WOTE, nikaupuliza ukauke.

Miezi miwili mitatu ikapita. Asubuhi moja akaingia ofisini Mwalimu Nestori, aliyekuwa akifundisha Kiingereza sekondari na kuishi kwenye kilima cha mawe kule Ilemela. Alikuwa mtu nadhifu, kola imenyooshwa, na mkononi ameshika pampu ya baiskeli. Miaka ile ukiacha pampu kwenye baiskeli ulikuwa unaitoa sadaka, kwa hiyo waungwana wengi waliingia ofisi za serikali na pampu zao.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, mwalimu. Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kulalamikia picha. Ile ya Nesi wa Chuma. Naomba muizuie kwa watoto."

Nikafungua daftari. "Ina matusi?"

"Hapana."

"Watu uchi?"

"Hapana."

"Damu?"

"Haina hata damu, mama."

"Sasa mwalimu, niandike ina nini?"

Ndipo akakaa, akaiweka pampu katikati ya magoti, na kwa muda akawa anavuta na kusukuma mpini wake taratibu. Mke wake alikuwa anaumwa. Hakutaja ugonjwa, nami sikuuliza. Ulikuwa ule ambao miaka hiyo tuliuzunguka kwa maneno kama watu wanavyozunguka shimo njiani. Yeye alikuwa bado na nguvu zake, mke alikuwa kitandani tangu masika. Hospitali walikuwa wameshamwambia hakuna la kufanya ila kumpa chakula laini na kumgeuza. Watoto aliwaambia ni malaria sugu.

"Kila asubuhi wakiamka nawaambia mama yenu anaendelea, bado kidogo. Jumamosi mkubwa wangu, Veronika, yuko kidato cha tatu, alikwenda Igoma kwa shangazi yake, wakaenda banda la picha. Amerudi, amesimama mlango wa jikoni, ananiuliza: Baba, wewe ni nesi wa chuma?"

Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, nikashukuru kwamba kuna kitu kinanguruma.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akateke maji."

Nilimwonea huruma kweli kweli. Lakini pia sikuelewa, kwa sababu picha niliyoikagua mimi isingemfanya mtoto aulize vile. Kwenye picha yangu nesi alifunguliwa skrubu na watu wakafika. Nikamwambia mwalimu arudi baada ya siku chache, nikachukua begi langu, nikaenda Igoma.

Deus nilimkuta anafuta vumbi kwenye deki kwa pamba na spiriti. Alipoona uso wangu aliweka pamba chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Deus, Nesi wa Chuma inaishaje?"

"Meli inafika, mama."

"Deus."

Akajikuna shingo. "Mama, ile picha inaisha bila kuisha. Msichana anafungua mdomo, kioo kinakuwa cheusi, majina yanaanza kupanda. Basi. Sasa watu wa Igoma ningewaambia nini? Wangevunja mabenchi. Hapa meli inafika kila siku. Jumapili inafika mapema, watu wawahi ibada ya jioni."

"Na kamati je? Mbona hukutuambia?"

"Kamati ningewaambia nini, mama? Ninyi ndio mna muhuri."

Ikaonekana kwamba Jumamosi ile Deus alikuwa na mafua, sauti imekauka, akaiacha picha iseme yenyewe. Wengi walitazama wakasinzia. Lakini Veronika alikuwa binti wa mwalimu wa Kiingereza, akasikia kila neno la nesi, na mwisho akabaki anatazama kioo cheusi peke yake. Nilimkasirikia Deus njia nzima ya kurudi mjini, na nilipofika karibu na ofisi nikagundua kwamba hasira iliyobaki ilikuwa yangu mwenyewe. Sahihi kwenye daftari haikuwa ya Deus.

Tukaitisha kikao upya. Mwalimu Nestori nikamwalika kama mlalamikaji, nikamwomba aje na binti yake kama shahidi wa alichokiona. Alikubali haraka, akidhani binti ataeleza jinsi picha ilivyomvuruga. Veronika tulimweka kwenye benchi la nje barazani. Ndani, Deus alionywa atafsiri kilichosemwa tu. Kila alipotaka kutia chumvi nilikohoa, na siku ile nilikohoa mpaka yule mama wa wazazi akanipa pipi ya kifua. Masanja hakutokea kabisa. Mwisho kioo kikawa cheusi, Deus akashusha maiki.

Askari alikuwa macho, kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati. "Kwa hiyo wamefika au hawajafika?" akauliza.

Katekista ndiye aliyeanza. Uongo umeachwa bila adhabu, alisema, tena umefanywa uonekane ni upendo. Mtu mzima anaweza kupima, mtoto atachukua kama ruhusa. Ni WATU WAZIMA bila mjadala. Mama wa wazazi akamwambia anaheshimu maneno yake, lakini watoto hao hao anaowasema ndio wanaobeba ndoo za maji misibani kila wiki, wanakata kuni, wanaona majeneza yanavyopita. "Tuwatume makaburini, halafu tuwakataze picha?" Yeye alitaka WOTE ibaki. Wakagombana kwa adabu, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimegeuza kiti changu, nikawa namtazama Mwalimu Nestori karibu na dirisha. Alikuwa ameshika pampu kwa mikono miwili.

Mzee Bujiku akamaliza karanga zake, akakung'uta maganda. "Tumemkagua nesi," akasema, "tumemkagua na yule msichana wa kwenye kioo. Wa barazani hatujamwuliza kitu."

Veronika akaingia, sare imepauka lakini safi, akasimama mikono nyuma.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitikia sote.

Katekista akamwuliza kwa upole kama picha ile ilimtisha. Akasema hapana. Akamwuliza kama ilimfundisha uongo.

"Uongo naujua tangu zamani," akasema, si kwa jeuri. Askari akakohoa kuficha kicheko.

"Sasa mjukuu wangu," akasema Mzee Bujiku, "ile picha ilikufanya nini?"

Veronika akazungumza kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka.

"Yule msichana kwenye meli ana miaka kumi na minne. Alisema mwenyewe mwanzoni. Mimi nina kumi na mitano. Yeye walimkalisha wakamwonyesha. Mimi nafua mashuka kila siku, naambiwa ni malaria. Malaria tuliisoma, kidato cha pili."

Nilitazama wino wangu. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama baba yake, ingawa kiti changu kilikuwa kimemwelekea. Nilisikia tu pampu ikitoa pumzi ndefu. Veronika akauliza kama anaweza kwenda nje, tukamruhusu.

Kura hazikutoa mshindi. Katekista alibaki pale pale, mama wa wazazi pale pale, na askari akasema atafuata walio wengi, jambo lisilo na msaada pale ambapo wengi hawapo. Mwalimu Nestori hakudai tena malalamiko yake. Nikasikia sauti yangu ikisema tuchonge muhuri wa tatu.

Mzee Bujiku akanitazama kwa jicho moja. "Wewe si uliuulizia siku ya kwanza? Umechelewa sana kukumbusha."

Maneno ya muhuri yalituchukua saa nzima. Katekista alitaka VIJANA PAMOJA NA MZAZI. Mama wa wazazi akasema wangapi siku hizi wana mzazi, hakuna aliyebisha. Tukafika kwenye VIJANA, NA MTU WA KUWAJIBU. Fundi mihuri wa karibu na stendi aliuchonga kwenye soli ya ndala kuukuu kwa wembe, kwa sababu mti wake ulikuwa umekwisha. Niliugonga mara moja tu katika maisha yangu ya kazi, kwenye kanda ya Nesi wa Chuma. Baadaye ilikuja barua kutoka juu ikieleza kwamba muhuri wa aina hiyo hautambuliki. Nikajibu kwamba nakiri kupokea barua. Muhuri uko kwenye droo ya kushoto ya meza yangu, nyuma ya pini. Soli ile ni ngumu, bado inapiga vizuri mkiongeza wino.

Jumamosi iliyofuata kikao hicho, saa nane mchana, Deus alionyesha picha kwa masharti mapya. Kila kijana aje na mtu mzima. Walikuja na shangazi, kaka, walimu wa kwaya, na kijana mmoja alikuja na muuza miwa wa pale nje, hata majina hawajuani. Nikakaa mbele, kiti nimekigeuza, mwanga wa kioo ukiwapiga usoni. Picha ilikuwa imeanza Mwalimu Nestori alipoingia na Veronika, wakakaa benchi la nyuma karibu na mlango, pampu kando yake.

Nesi aliposema bado kidogo mara ya kwanza, mwalimu hakusogea. Mara ya pili alitazama sakafu. Mara ya tatu niliona mkono wake unapapasa benchi kama anatafuta kitu cha kushika, ukaipita pampu, ukafika kwenye bega la binti yake. Akamwinamia sikioni. Wakasimama, wakatoka.

Kupitia mlangoni niliwaona kwenye jua, wamesimama karibu na baiskeli. Mwalimu ndiye aliyekuwa anazungumza. Veronika alikuwa anagusa kengele ya baiskeli bila kuiliza, anaigusa tu, anaiacha. Kisha akaegemeza kichwa kwenye shati la baba yake, wakakaa hivyo mpaka muuza miwa akageuka kuona ninatazama nini, nami nikajifanya nakagua mlango. Niliporudisha macho walikuwa wameondoka, binti nyuma kwenye karia.

Picha ikaisha. Kioo kikawa cheusi, na kwa mara ya kwanza pale Igoma, Deus akiwa na sauti yake nzima, meli haikufika. Deus aliweka maiki juu ya deki na kusogea mbali na mabenchi, kwa tahadhari. Hakuna aliyevunja kitu. Waliulizana maswali mpaka jua likaanza kulala, na aliyebisha kuliko wote alikuwa muuza miwa, aliyeshikilia kwamba nesi angeanza kuwaambia watu wazima kidogo kidogo, miaka kumi kabla. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu nikaiona pampu ya mwalimu imelala kwenye benchi la nyuma. Nikaenda nayo.

Jumatatu saa nne Veronika akagonga mlango wa ofisi. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio kilichokwisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Baba amenituma pampu."

Nikaichukua nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza mama anaendeleaje, kwa ile sauti tunayotumia sote, sauti ambayo ndani yake jibu limeshawekwa. Yeye akaniwahi.

"Mama hatapona," akasema. "Lakini leo ameamka vizuri, anataka samaki, sato. Baba hajui kuchagua. Mama amesema niende mimi, amenieleza niangalie mashavu nijue aliye mbichi."

Nikafunga ofisi katikati ya asubuhi, kinyume cha kila nililowafundisha ninyi, tukatelemka pamoja mpaka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Nimezaliwa kando ya ziwa, kuchagua samaki najua tangu sijaanza shule, lakini nilimwachia yeye. Nilishika pampu. Yeye aliinama kwenye meza za samaki, akafunua mashavu ya sato mmoja baada ya mwingine kwa kidole, bila haraka, kama mama yake alivyomwelekeza, mpaka akampata mwenye mashavu mekundu.